Akiba Huoza: Historia Fupi ya Kihifadhi cha Mtandao na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba akiba inayowekwa katika tarakilishi huoza, tena huoza bila kutoa harufu, na kwamba historia ya vyombo vya kuhifadhia data ni historia ya watu waliojifunza jambo hilo kwa hasara. Nitaeleza chombo kimoja tu, yaani kile kisanduku chenye diski ambacho siku hizi mtu anaweza kukiunganisha na mtandao wa nyumbani kwake na kukitumia kama ghala la faili za familia au za ofisi. Nitaeleza kilikotoka, namna nilivyokiweka nyumbani kwangu, na kwa nini chenyewe peke yake hakitoshi.

Nina sababu ya kulileta suala hili katika jarida la idara. Kati ya mwaka 2008 na 2012 niliwarekodi wazee 34 wa jamii ya Wanubi wa Bombo, kaskazini mwa Kampala, wakisimulia jinsi walivyojifunza Kiswahili. Bombo ilikuwa kambi ya jeshi la King's African Rifles, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ya kantini na ya barua za askari kwenda nyumbani. Rekodi hizo zote, saa 41 kwa jumla, niliziweka katika diski moja ya nje. Mwaka 2017 diski hiyo ikaanza kutoa mlio wa tik-tik, na baada ya siku mbili haikuonekana tena katika tarakilishi yoyote. Fundi alinieleza kwamba vichwa vya kusomea vilikuwa vimekwaruza sahani za ndani. Kufikia wakati huo wazee tisa kati ya wale 34 walikuwa wameshafariki.

Rekodi 12 zilipatikana. Hazikutoka katika diski yangu. Zilitoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi mwalimu wa sekondari, ambaye alikuwa amezinakili katika flashi yake kwa ajili ya tasnifu ya mwaka wa mwisho na hakuzifuta. Zile nyingine 22 hazikurudi. Nilipoanza kusoma ili nijue kosa langu lilikuwa wapi, nikakuta kwamba wahandisi walikuwa wamelifanya kosa hilohilo kabla yangu, na kwamba majibu yao yana historia inayofaa kusimuliwa.

Neno kuhusu istilahi

Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni walimu na wanafunzi wa lugha, tuanze na maneno. Chombo ninachokizungumzia huandikwa herufi NAS juu ya boksi lake madukani, na wauzaji wengi hulitamka hivyohivyo, "nasi". Katika makala haya nitakiita kihifadhi cha mtandao. Kiambishi ki- cha ala tumeshakizoea katika kipaza sauti na kinasa sauti, na neno hifadhi lina uzito unaotufaa. Asili yake ni Kiarabu, na katika matumizi yetu kuhifadhi ni kulinda, na pia ni kuliweka andiko moyoni kama afanyavyo aliyehifadhi Kurani. Aliyehifadhi kwa maana hiyo huweza kulitoa andiko lile wakati wowote analoulizwa. Tuikumbuke maana hiyo, kwa sababu faili ambayo haiwezi kutolewa haijahifadhiwa, hata kama imewekwa.

Neno la pili ni nakala, lenye asili katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhamisha. Nakala ni kitu kilichohamishwa kikaenda mahali pengine. Hilo nalo tutalirudia mwishoni.

Kazi ya kutafuta maneno ya namna hii si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, na waliohusika walilazimika kuamua jina la kila kitufe na kila orodha. Maneno tarakilishi na kompyuta bado yanashindana, nami nitatumia la kwanza bila kumlaumu anayetumia la pili.

Tani moja ya chuma

Data haikuanza kuhifadhiwa katika diski. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, Herman Hollerith alitumia kadi zilizotobolewa matundu, na kila tundu lilikuwa na maana yake kuhusu mtu mmoja. Mwaka 1951 tarakilishi ya UNIVAC ikaja na tepu za sumaku. Tepu ilibeba mengi kuliko kadi, lakini ilikuwa na tabia ambayo wenye umri wangu wanaikumbuka katika kaseti: wimbo ukiwa katikati, sharti uzungushe mpaka uufikie. Kampuni iliyotaka kujua salio la mteja mmoja ilibidi ipite kwanza kwa wateja wote waliomtangulia.

Jibu lilipatikana San Jose, California, ambako kikundi cha wahandisi wa IBM kiliongozwa na Reynold Johnson. Mwezi Septemba 1956 kampuni hiyo ilitangaza mtambo ulioitwa RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 zilizopakwa rangi yenye sumaku, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka juu ya mhimili mmoja. Mkono wa chuma ulipanda na kushuka, ukaingia kati ya sahani na kusoma palipotakiwa, bila kupitia pengine. Hapo ndipo ghala lilipopata milango mingi.

Mtambo huo ulikuwa na uzito wa takribani tani moja na uliweza kuweka herufi milioni 5. Tukikadiria kwamba tasnifu ya kurasa 300 ina herufi kama 600,000, basi RAMAC ingebeba tasnifu nane. Kwa sauti hali ni mbaya zaidi. Sauti isiyobanwa yenye ubora wa CD hula takribani megabaiti 600 kwa saa moja, kwa hiyo tani ile nzima isingetosha hata nusu dakika ya masimulizi ya mzee mmoja wa Bombo. Angemaliza salamu tu.

Jambo moja katika muundo wa RAMAC lilibaki katika diski zote za aina hiyo zilizofuata. Kichwa cha kusomea hakikutakiwa kuigusa sahani. Kilielea juu yake kwa msaada wa hewa. Leo nafasi hiyo ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Umeme ukikatika vibaya, au diski ikianguka ikiwa inazunguka, kichwa hugusa sahani na kuikwaruza. Huo ndio mlio wa tik-tik nilioueleza. Kifo cha diski yangu kilikuwa kimeandikwa katika muundo wake tangu mwaka 1956.

Diski moja, watu wengi

Kwa miaka mingi diski ilikuwa mali ya mtambo mkubwa, na watu waliufuata ulipo. Mabadiliko yalianza pale tarakilishi zilipokuwa ndogo na kuwekwa katika meza za watu mbalimbali. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kubuni njia ya kuziunganisha tarakilishi za ofisi kwa waya mmoja ili ziweze kuzungumza zenyewe kwa zenyewe na kutumia printa moja. Waliiita Ethernet. Waya ule ambao leo unaingia nyuma ya ruta nyumbani kwako ni mjukuu wa ule wa Palo Alto.

Kilichofuata kilisukumwa na bei. Mwaka 1983 IBM ilitoa tarakilishi ya mezani yenye diski ya megabaiti 10 ndani yake, na diski hiyo ilikuwa ghali mno kwa ofisi kumnunulia kila mfanyakazi yake. Kampuni ya Novell ya jimbo la Utah ikapata soko kubwa kwa programu iliyoiwezesha tarakilishi moja kuwa mtunza ghala wa ofisi nzima. Karani aliyetaka faili aliiomba kupitia waya, nayo ikamfikia kana kwamba ilikuwa mezani pake.

Katika vyuo vikuu na maabara, ambako mfumo wa Unix ulitawala, Sun Microsystems ilitengeneza mwaka 1984 utaratibu ulioitwa NFS na baadaye ikaweka wazi kanuni zake ili kampuni nyingine zizifuate. Upande wa tarakilishi za kawaida, Barry Feigenbaum wa IBM alikuwa amebuni utaratibu mwingine, SMB, ambao Microsoft iliuendeleza. Basi kukawa na lugha mbili za kuomba faili, na watumiaji wa moja hawakuelewana na watumiaji wa nyingine. Hali hiyo mwalimu wa lugha anaifahamu vizuri.

Mkalimani alitokea Australia. Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Canberra, alitaka tarakilishi yake ya mezani izione faili zilizokuwa katika mashine ya Unix. Alichunguza ujumbe uliokuwa ukipita katika waya, akaelewa sarufi yake, na mwanzoni mwa mwaka 1992 akaitoa programu yake bila malipo. Baadaye jina la kwanza la programu lilipogongana na jina la biashara la watu wengine, alihitaji jina jipya. Alichokifanya kitawafurahisha watunga kamusi. Aliiamuru tarakilishi yake ipekue orodha ya maneno ya Kiingereza na kutoa yale yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Miongoni mwa maneno yaliyotoka lilikuwemo "samba", na ndilo jina la programu hiyo mpaka leo. Hata wahandisi, wakikwama, hurudi kwenye orodha ya maneno.

Diski nyingi za bei nafuu

Ofisi nzima inapotegemea ghala moja, kifo cha diski moja kinakuwa msiba wa wote. Mwishoni mwa mwaka 1987 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliandika makala iliyowasilishwa mwaka uliofuata katika kongamano huko Chicago. Hoja yao ilikuwa kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kubwa, afadhali kuunganisha diski nyingi ndogo za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya tarakilishi za mezani.

Walikubali kwamba kulikuwa na tatizo, na walilipigia hesabu. Ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000, basi katika kundi la diski 100 itakufa moja kila baada ya saa 300, yaani kabla ya wiki mbili kwisha. Bila kinga, ghala la namna hiyo halifai kitu. Kinga waliyoieleza ina sura mbili kuu. Ya kwanza ni kioo: kila kinachoandikwa katika diski moja kinaandikwa pia katika nyingine. Ya pili ni hesabu. Tuseme wanafunzi watatu wamepata alama 40, 55 na 60, na mwalimu ameandika pembeni jumla, 155. Karatasi ya mmoja ikipotea, alama yake inapatikana kwa kutoa. Diski zinaweza kufanya vivyo hivyo: moja ikifa, zilizobaki huhesabu kilichokuwa ndani yake.

Utaratibu huo uliitwa RAID. Katika jina la awali herufi I ilisimama badala ya neno lenye maana ya "bei nafuu". Wenye viwanda, ambao hawakutaka mnunuzi afikiri kwamba anauziwa kitu rahisi, wakaigeuza imaanishe "huru". Herufi ikabaki, maana ikahama. Anayefundisha semantiki anaweza kuutumia mfano huo darasani.

Kisanduku chaingia nyumbani

Mwaka 1992 ilianzishwa California kampuni ya NetApp, na waanzilishi wake walikuwa na wazo rahisi. Kuhifadhi faili kusiwe kazi ya ziada ya tarakilishi kubwa yenye kazi nyingine mia. Kuwe na kifaa chenye kazi hiyo moja, kama kibaniko cha mkate ambacho kazi yake ni kubanika mkate. Kifaa hicho kilikuwa cha kampuni na benki. Ili kifike nyumbani, ilibidi diski iwe ndogo, yenye nafasi na ya bei ya kawaida.

Hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na ugunduzi wa mwaka 1988 wa wanafizikia wawili waliofanya kazi mbalimbali, Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani. Waligundua namna ya kuhisi sumaku dhaifu sana, na kuanzia mwaka 1997 vichwa vya diski vilitengenezwa kwa kutumia ugunduzi huo. Alama za sumaku zikaweza kuwa ndogo zaidi, na sahani ileile ikabeba mengi zaidi. Mwaka 2007 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia, na mwaka huohuo ikatoka diski ya kwanza ya terabaiti moja.

Wakati huo huo kampuni za Taiwan kama Synology, iliyoanzishwa mwaka 2000, na QNAP, iliyofuata mwaka 2004, zilikuwa zikitengeneza visanduku vidogo vya nyumbani na vya ofisi ndogo. Mwaka 2005 Mfaransa Olivier Cochard-Labbé alitoa FreeNAS, programu ya bure iliyoweza kuigeuza tarakilishi kuukuu kuwa kihifadhi. Ndani ya vifaa hivi vyote mna wale wazee tuliokutana nao: Ethernet, NFS, SMB kupitia Samba, na RAID.

Je, kisanduku cha namna hii kina maana gani kwetu ilhali kuna hifadhi ya wingu? Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na kutuma faili ya saa moja ya sauti lilikuwa jambo la gharama kubwa. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, hali ilibadilika, nasi tulio mbali na bahari tukapata sehemu yetu. Lakini kebo nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Kabla ya hapo, Januari 2021, intaneti ilifungwa nchini Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Katika siku hizo mtu aliyekuwa na faili zake katika wingu peke yake hakuwa nazo. Aliyekuwa na kisanduku nyumbani aliendelea na kazi, kwa kuwa mtandao wa ndani ya nyumba hauhitaji intaneti.

Nilivyokiweka

Nilinunua kisanduku cha nafasi mbili na diski mbili za terabaiti 4 kila moja, za aina inayotengenezwa kwa kazi ya mfululizo usiku na mchana. Zikiwa katika mpangilio wa kioo, nafasi inayotumika ni terabaiti 4, si 8. Ni zaidi ya saa 6,000 za sauti isiyobanwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuibana sauti ya utafiti kwa ajili ya nafasi. Ikiwezekana, nunua diski hizo katika maduka mawili au kwa nyakati mbili. Diski zilizotoka kiwandani siku moja mara nyingine hufa kwa kukaribiana.

Kabla ya kisanduku chenyewe, nilinunua betri ya akiba, ile iitwayo UPS. Kwa mazingira yetu ya umeme hiki si kifaa cha anasa. Betri iliunganishwa na kisanduku kwa waya wake mdogo, ili umeme ukikatika kwa muda mrefu kisanduku kijizime chenyewe kwa utaratibu. Niliviweka juu ya rafu, si sakafuni, mbali na dirisha linaloingiza vumbi la barabarani.

Kisanduku kiliunganishwa na ruta kwa waya. Tarakilishi yangu nayo niliiunganisha kwa waya wakati wa kuhamisha faili kwa mara ya kwanza. Waya wa kasi ya gigabiti moja huhamisha takribani megabaiti 100 kwa sekunde, yaani gigabaiti 100 kwa kama robo saa, ambapo waya wa kizazi kilichotangulia ungechukua zaidi ya saa mbili. Baadaye nilifungua ukurasa wa kisanduku katika kivinjari, nikachagua mpangilio wa kioo, nikasubiri diski ziandaliwe, kisha nikakipa kisanduku anwani isiyobadilika ili kila tarakilishi ijue mahali pa kukipata.

Mambo manne yaliyofuata hayakuchukua hata saa moja, lakini ndiyo yanayorukwa na wengi. La kwanza, nilibadili jina na neno la siri vilivyotoka kiwandani. La pili, nilimfungulia kila mtu wa nyumbani akaunti yake. Watoto wanaweza kusoma folda ya picha, lakini folda ya utafiti hawaioni. La tatu, niliruhusu kisanduku kijisasishe programu zake. La nne, sikukifungulia mlango wa kuingiliwa kutoka nje kupitia intaneti, ingawa kilinishawishi kufanya hivyo kwa ukurasa mzuri wenye picha.

Sababu ya hilo la nne ni ya kihistoria pia. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB, ule utaratibu wa miaka ya 1980. Programu hiyo ilizifunga faili za watu na kudai fidia. Kuanzia Januari 2022 nyingine iliyoitwa Deadbolt ilivishambulia moja kwa moja vihifadhi vya nyumbani vilivyokuwa wazi kwenye intaneti. Mlango usioufungua hauhitaji mlinzi.

Kioo si nakala

Sasa tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wakishaona diski mbili zenye taa za kijani hudhani wamemaliza. Hata mimi nilidhani hivyo kwa miezi kadhaa. Kioo kinakukinga na kifo cha diski moja tu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, kioo kinaifuta pande zote mbili papo hapo. Programu haribifu ikizifunga faili, inazifunga kote. Mwizi akikibeba kisanduku, amebeba diski zote mbili. Na moto haubagui.

Katika usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941, liliungua, na ofisi zilizokuwemo ziliungua pamoja na makaratasi yake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliteremka hadi Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza sehemu kubwa ya vitabu vya Masomo ya Afrika. Katika misiba ya aina hii swali ni moja tu: je, kuna nakala, na iko wapi?

Mpigapicha wa Kimarekani Peter Krogh aliieneza kanuni fupi inayokumbukika kwa urahisi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwangu nakala ya kwanza iko katika tarakilishi ninayoifanyia kazi. Ya pili iko katika kisanduku. Ya tatu iko katika diski ya nje ambayo huiunganisha na kisanduku kila mwisho wa mwezi, kinainakilia, kisha naichomoa na kuipeleka nyumbani kwa shemeji yangu, Jinja. Nikirudi nakuja na diski ya mwezi uliopita. Hii haina umaridadi wowote, na gharama yake ni nauli ya matatu.

Kuna hatua moja zaidi. Kila baada ya miezi mitatu nachagua faili tano bila mpango na kuzirudisha kutoka katika nakala ya Jinja, nazifungua na kuzisikiliza. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, folda moja nzima haikuwemo kwa sababu nilisahau kuiweka katika orodha ya kunakiliwa. Turejee maana ya kuhifadhi: mwanafunzi wa madrasa hahesabiwi kuwa amehifadhi mpaka asikilizwe.

Hitimisho

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kwenda California kulipata funzo hili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia kwa sababu kulikuwa na watu walioinakili kwa mkono. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tungo nyingi kwa kalamu ya mwanzi, na miswada aliyoiandika imehifadhiwa London na Hamburg, mbali kabisa na unyevu na mchwa wa pwani. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Karatasi nyingi za awali zimeliwa na wadudu; tungo zimebaki. Wanakili wale walikuwa na kanuni ya Krogh kabla ya Krogh.

Kwa msingi huo napendekeza mambo mawili kwa idara yetu. Kwanza, kila mwanafunzi anayerekodi watu kwa ajili ya tasnifu aache nakala ya rekodi zake katika kihifadhi cha idara kabla ya kutahiniwa, pamoja na karatasi inayoonyesha nani aliridhia nini, ili sauti za watu zisisikilizwe kinyume cha ridhaa yao. Pili, idara iwe na nakala nyingine katika jengo jingine, na mtu mmoja aandikwe kwa jina kuwa mwenye jukumu la kuijaribu kila muhula. Kisanduku kinachotosha kwa kazi hiyo ni kidogo kuliko kamusi mbili zilizolazwa pamoja.

Mwaka 2019 nilirudi Bombo na kuwarekodi upya wazee 14 waliokuwa bado hai na ambao rekodi zao zilikuwa zimepotea. Mmoja wao aliniuliza kwa nini nimerudi na maswali yaleyale. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba safari hii atasema polepole, na kwamba nimpe mjukuu wake nakala. Nilimpa.